Kabati la Pamoja

Baba Pacha aliisafisha kompyuta ya mkewe Jumamosi mchana, mkewe akiwa sokoni na watoto. Hakuna aliyemtuma. Tangu mgongo umshushe kwenye lori alilokuwa akiendesha, mwanamume huyu alikuwa anasafisha kila kitu: madirisha, sufuria, hata kamba ya kuanikia nguo aliipitishia kitambaa. Mama yake, aliyekuwa akikaa nao, alimwambia, "Mwanangu, utasugua mpaka ukuta utoboke tuonane na majirani." Yeye alicheka, akaendelea.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mali ya ofisi. Siku nzima ilikuwa inalalamika kwamba nafasi imejaa, na Baba Pacha alitaka kuweka humo video alizopewa na jamaa mmoja kwenye flashi, mafunzo ya kuendesha mashine za kunyanyulia mizigo ghalani. Ile ilikuwa kazi ya kukaa, isiyouliza sana habari za mgongo. Akatafuta kilichokula nafasi kuliko vyote, akakuta folda inaitwa Kabati. Ndani mlijaa mafaili, mengi ya zamani, moja limeandikwa "mwisho", jirani yake "mwisho kabisa", na la tatu "tumia hii, siyo ile". Takataka alikuwa anaijua akiiona. Mambo ya ofisi si yapo ofisini? Akafuta vyote vilivyokuwemo. Kisha akafungua lile pipa la taka la kompyuta akalimwaga nalo, maana mtu aliyelelewa vizuri hafagii akaacha taka kwenye kizoleo.

Mkewe aliporudi alimpokea kwa furaha. "Nimeipunguzia mzigo kompyuta yako. Sasa inakimbia."

"Umegusa nini?"

"Takataka tu."

Mama Pacha alikuwa na mifuko mikono yote miwili, na mtoto mmoja anajibana mkojo. "Asante," akasema, akapita.

Jioni ile alimkalisha mumewe kwenye kiti kama kawaida yao, akamsomea kutoka kwenye karatasi, ambazo watoto huzichana zikishasomwa, hatua za mashine aliyokuwa anaiandikia mwongozo. Ndivyo alivyofanya kazi. Mume akikwama, alijua muuguzi huko hospitalini naye atakwama, akairudia sentensi. "Hapo umeniacha," Baba Pacha alikuwa akisema, au, "Hapo nakuona." Kati ya kazi zote alizobaki nazo nyumbani, hiyo ndiyo pekee aliyoipenda.

*

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja nao kila asubuhi. Waliandika miongozo ya mashine za watu: bonyeza hapa, usiguse pale, ukisikia mlio huu zima kwanza. Kazi zote zilikaa katika Kabati, folda moja iliyoonekana kwenye kompyuta ya kila mmoja. Ukiandika neno lako hapa, mwenzako analiona kule.

Jumatatu, wa kwanza kufungua alikuwa Mchoraji, mzee wa vielelezo.

"Nani kahamisha Kabati?"

"Si lipo hapo?"

"Lipo. Lakini limebaki mbao."

Kufikia saa nne chumba kizima kilikuwa kimesimama nyuma ya kiti cha fundi wa kompyuta. Mkuu wa kitengo alitoka ofisini kwake na kikombe mkononi, akaongea kwa upole, kama mtu anayejua ana akiba. "Toa kwenye pipa la ile mashine kubwa inayotunza Kabati, tuendelee na kazi."

"Pipa nililizima, Mkuu. Lilikuwa linajaza diski, mkawa mnanipigia kelele."

"Basi kwenye ile nakala ya kila jioni."

Fundi alijikuna shingo. "Ile inaiga Kabati lilivyo. Kabati likiwa na kitu, nayo ina kitu. Likiwa tupu..."

"Kwa hiyo tumekuwa tukilinda nakala ya utupu."

"Tangu Jumamosi, ndiyo."

Mkuu aliweka kikombe chini. Ilikuwa imebaki diski ya Ijumaa. Hiyo ilikuwa diski nyeusi, iliyofungiwa kwenye droo yake, na kila Ijumaa mmoja wa watu wa kitengo alikuwa na zamu ya kubaki nyuma, kuichomeka na kunakili Kabati lote. Kunakili kulichukua muda mrefu, mpaka duka la matairi linafungwa na taa za ngazi zinazimwa. Mwanzoni walikuwa wanabaki kweli. Halafu mmoja akagundua kwamba ukiichomeka, ukaiacha ile taa ya buluu iwakewake, ukachomoa na kurudisha, hakuna anayeuliza. Baadaye akagundua wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja aliamini mwizi ni yeye peke yake, na kwamba wenzake waaminifu wanamzibia pengo. Mama Pacha naye alifanya hivyo. Alikuwa na watoto wa kuwahi.

Mkuu aliichomeka mbele yao. Wakatazama. Faili jipya kuliko yote lilikuwa la zamani mno, la kabla Bi Nukta, mwandishi aliyekwenda kujifungua, hajashika hata mimba, na mtoto wa Bi Nukta sasa alikuwa anakaa mwenyewe.

Mkuu aliisoma tarehe kwa sauti.

"Nani alikuwa na zamu?" Mkuu akauliza. Wote walikuwa na zamu. Wakaangalia viatu vyao.

Fundi ndiye aliyewaokoa. "Lakini aliyefuta ninaweza kumwona," alisema akisogeza kioo. "Imetoka kwenye kompyuta ya Mama Pacha. Jumamosi mchana."

Mama Pacha alisikia kichwani sauti ya mumewe: sasa inakimbia. Akainua macho, akaona nyuso za wenzake zikilegea moja baada ya nyingine, kama watu waliosikia gari la polisi likipita mlango wao na kusimama kwa jirani.

Kumpa mtu wa nje kompyuta ya ofisi kulikuwa kosa la kufukuzwa papo hapo, bila maelezo. Hilo alilijua. Lakini kulikuwa na jingine lililomuuma zaidi. Aliona jinsi ambavyo jina la mumewe lingeshuka ngazi zile, lifike kwa wauza matairi, na wale vijana wacheke: dereva hana gari, sasa anaendesha kompyuta ya mkewe mtaroni.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa natafuta nafasi."

Mkuu alimtazama. "Ukurasa wa kwanza wa kila mwongozo wetu huwa tunaandika nini?"

"Mkuu, naomba..."

"Nakuuliza kama mwandishi. Tunaandika nini?"

"Soma kabla ya kubonyeza."

"Wenzako kule nyuma hawajasikia."

"Soma kabla ya kubonyeza," Mama Pacha alirudia kwa sauti, mbele ya watu aliokuwa akiwasahihishia kazi zao.

Mkuu alieleza kilichobaki kwa kifupi. Mwongozo wa mashine ya mvuke, ile ya kusafishia vifaa vya upasuaji, unatakiwa mwisho wa mwezi. Bila mwongozo wanunuzi hawaipokei mashine. Wasipoipokea, mwenye kiwanda atatafuta waandishi kwingine, na chumba hiki wauza matairi watakifanya stoo.

Kwenye korido Mchoraji alimfuata, akiongea kwa kunong'ona. "Mama Pacha, lile la diski ya Ijumaa... usilivalie njuga sana, eti?"

"Lipi?"

"Unalijua. Wewe tayari umeshalowa, dada yangu. Sisi wengine tuna watoto."

"Na mimi nyumbani nina paka?"

Mchoraji alirudi ndani akifuta miwani ambayo haikuwa na doa.

*

Wazo lilimjia akiwa chooni. Bi Nukta.

Hilo lilikuwa jina la kazini, alilopewa kwa sababu hakuweza kupita sentensi isiyo na nukta bila kuiwekea. Alikwenda kujifungua, na Mama Pacha akaletwa kutoka kitengo cha wasahihishaji kushika kiti chake kwa muda. Ule muda haukuisha. Bi Nukta alipouliza siku ya kurudi aliambiwa "tutaangalia". Walipomtaka arudishe kompyuta naye akajibu kwamba ataangalia. Tangu hapo kompyuta ile ilikuwa imezimwa, na kompyuta iliyolala haijui habari za mjini. Humo Kabati lingali limejaa. Lakini ikiwashwa tu ikapata intaneti, itauliza wenzake wana nini, itajibiwa hawana kitu, nayo itajifagia.

Mama Pacha alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, ikakatwa. Akateremka ngazi mbili mbili, akakimbia mpaka nyumbani.

"Twende kwa Bi Nukta," alimwambia mumewe. "Mimi hatanifungulia. Wewe ulimhamishia vyombo vyake kwa lori, atakufungulia."

"Kuna nini?"

"Kuna hitilafu ofisini."

"Unahema hivyo kwa hitilafu ya ofisini?" Lakini alikuwa ameshachukua shati.

Bi Nukta alikaa kwenye nyumba ya wapangaji wengi, chumba cha tatu kupita bomba la maji. Alifungua mlango na mtoto begani. "Shemeji! Karibu sana, mgongo unaendeleaje?" Kisha akamwona aliye nyuma. "Na wewe. Karibuni."

"Kompyuta umeiwasha?" Mama Pacha akauliza akiwa bado mlangoni.

"Salamu kwanza. Au huko siku hizi mnaanzia na amri?"

"Nisamehe. Hujambo. Umeiwasha?"

Bi Nukta alikaa kitandani taratibu, akawaonyesha viti. "Mkuu kanipigia leo. Mtoto kaota meno mawili sijasikia sauti ya huyo Mkuu, leo kanikumbuka mpaka jina la baba yangu. Anasema niiwashe sasa hivi nimtumie mafaili yote kwa intaneti."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nanyonyesha." Akainua kidevu kuelekea juu ya kabati la nguo. Kompyuta ilikuwa pale, imeviringishwa kwenye kanga. "Nikamwambia asubiri. Niliona raha kumwambia asubiri."

Mama Pacha alifunika uso kwa viganja.

"Kwani ikiwashwa kuna nini?" Baba Pacha akauliza. Yeye alikuwa anamchezea mtoto vidole.

"Shemeji, hii folda yetu ya Kabati ni moja tu, ina milango mingi," Bi Nukta akamweleza. "Kila mmoja anao mlango wake. Ukilifagia kupitia mlango wako, sote tumefagiliwa."

Vidole vya Baba Pacha vilisimama. "Hata kama mtu amefuta nyumbani kwake?"

"Hata akiwa amekaa chooni."

"Na akimwaga na lile pipa?"

Bi Nukta alimtazama yeye, kisha mkewe. "Nani kamwaga pipa?"

"Mimi," walisema wote wawili kwa pamoja.

Mtoto alicheka, akadhani ni mchezo. Baba Pacha aliinuka kwa kushika ukuta, kama anavyoinuka mtu mwenye mgongo, akatoka nje bila kuaga. Kupitia dirishani walimwona amesimama karibu na bomba, ameshika ndoo ya mpangaji mwingine, anaitazama ndani.

"Hakujua," Mama Pacha akasema.

"Naona."

"Usimseme, mwenzangu. Ofisini nimesema ni mimi."

"Ya shemeji hayanihusu. Aliponihamishia vyombo alikataa hata nauli." Bi Nukta alimhamisha mtoto bega. "Lakini kompyuta sikupi. Nikikupa utaipeleka wewe, utakuwa umeokoa kitengo, na mimi nitabaki kuwa yule aliyekwenda kuzaa. Kesho naipeleka mwenyewe. Sitaifungua mpaka Mkuu anipe ninachotaka kwa maandishi."

"Unataka nini?"

"Kiti changu."

Mama Pacha aliyatazama maziwa yaliyomwagikia kanga ya mwenzake, nepi zilizoanikwa kwenye kamba ndani ya chumba, jiko mlangoni. Chumba hiki kilikuwa kidogo kuliko chake, lakini vitu vilikuwa vilevile.

"Nimekikalia mimi," akasema.

"Najua. Hukukiiba, walikukalisha. Mimi pia sikuibii, nakaa pangu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ungefanya nini ungekuwa mimi?"

"Hivyohivyo."

"Basi tusigombane."

*

Njiani, walipokwisha kuvuka barabara kubwa, Baba Pacha alisimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba mumeo ni mjinga."

"Ujinga wako ungetupatia nini leo? Twende, watoto wana njaa."

"Mimi nilitaka kusaidia."

"Najua, Baba Pacha."

"Usiniambie unajua kwa sauti hiyo. Nitukane."

Hakumtukana. Hilo likamwelemea mwanamume kuliko matusi.

*

Kesho yake Bi Nukta aliingia ofisini mtoto mgongoni, kompyuta kifuani. Karatasi iliandikwa, ikasainiwa. Fundi alizima intaneti ya jengo zima, hata wauza matairi wakapanda kuuliza, ndipo kompyuta ikawashwa. Kabati likafunguka limejaa, kama lilivyokuwa siku aliyoondoka. Watu walipiga makofi. Mchoraji alimbeba mtoto, akamwita mkombozi.

Mkuu alimwita Mama Pacha ofisini kwake, akafunga mlango.

"Msingi tumeupata. Lakini sura za mashine ya mvuke ulizoandika wewe hazimo, maana Bi Nukta alishaondoka. Utaziandika upya, mchana hapa na jioni nyumbani. Ukizimaliza, yeye anarudi kwenye kiti chake."

"Na mimi?"

"Kitengo cha usahihishaji kilishajaza nafasi yako. Nitakuandikia barua nzuri."

Mama Pacha alikaza mikono mapajani. "Mkuu, ile zamu ya nakala ya Ijumaa..."

"Acha."

"Sikuwa mimi peke yangu. Sisi sote..."

"Nimekwambia acha. Unadhani sikuiona ile diski? Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa droo, na sikuikagua hata mara moja." Alisema hayo bila aibu, kama anayesoma hatua za mashine. "Nikijua hilo rasmi, itabidi tuondoke wote. Nani ataandika? Ninahitaji mmoja, Mama Pacha. Na wewe ulishasema ni wewe."

Alipotoka, kila mtu alikuwa anafanya kazi kwa bidii. Hakuna aliyeinua kichwa. Kwenye meza yake alikuta kikombe cha chai kimefunikwa kwa sahani, na alijua ni cha Mchoraji. Akainywa yote. Ilikuwa imeshapoa, na njaa haichagui.

*

Nyumbani vumbi lilianza kuonekana. "Mbona siku hizi hakufagiliwi?" mama mkwe alimwuliza mwanawe. "Au ufagio umekutukana?" Meza yenye kompyuta Baba Pacha aliipita kwa mbali, kama mtu anayepita kwenye nyumba ya anayemdai.

Mama Pacha aliandika kila jioni. Aliandika polepole, na alijua kwa nini. Kila ukurasa uliokamilika ulimsogeza hatua moja kuelekea mlangoni. Asipomaliza, kitengo kinafungwa na watu wote wanatoka. Akimaliza, anatoka yeye. Mumewe hakuambiwa habari ya kiti. Aliambiwa tu kwamba kuna kazi ya kurudia.

"Kaza mwendo, mke wangu," Baba Pacha alimhimiza. "Umalize mapema, wakusamehe."

"Nakaza."

Jioni moja alivuta kiti akakaa, mbali kidogo na meza, mikono kati ya magoti. "Ile sura ya mlango wa mashine, ulinisomea. Ninaikumbuka. Nikutajie, uandike? Angalau nirudishe kidogo."

Mama mkwe aliacha kuchagua mchele. Pacha walikuwa sakafuni wanagombania kifuniko.

"Nitajie," Mama Pacha akasema.

Baba Pacha alifumba macho. "Hatua ya kwanza. Zima moto. Hatua ya pili, subiri taa ya kijani. Hatua ya tatu, fungua mlango taratibu. Hatua ya nne, legeza koki ya kutolea mvuke."

Ilikuwa kinyume. Mvuke hutoka kwanza, mlango hufunguliwa baadaye. Muuguzi atakayefuata maneno yale ataungua uso mzima. Mama Pacha aliandika neno kwa neno alivyotajiwa.

"Hapo nimekuacha?" mume akauliza, amefumbua jicho moja.

"Hapo nakuona. Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho wa sura, akikosea na kupatia, jasho likimtoka kama anayepakia mzigo. Alipomaliza alipumua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kwa Bi Nukta kumwona na uso wake wa zamani.

"Umehifadhi?"

"Nimehifadhi."

"Na kwingine? Hifadhi mara mbili. Si ndiyo dawa yake?"

"Ndiyo dawa yake." Akatafuta kwenye droo, akapata ile flashi ya mumewe yenye video, akaichomeka. Kompyuta ikamwambia haina nafasi. "Humu zimejaa video zako za ghalani."

"Zifute."

"Utajifunzia nini?"

Baba Pacha alitazama sakafuni, pacha walipokuwa. "Ghalani walishachukua watu wengine. Wiki iliyopita. Sikutaka kukuongezea."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Neno la kiti lilimfika mpaka ulimini, wawe wamelingana. Akalimeza. Akageuza kompyuta, akaisukuma kidogo upande wake.

"Futa wewe, ni zako."

Baba Pacha alirudisha mikono yake kati ya magoti, akaibana.

"Mimi sifuti tena kitu katika nyumba hii."

Basi video zikabaki pale, za kazi isiyokuwepo. Mama Pacha akarudi kwenye faili lake, akabadilisha jina, akalihifadhi mara ya pili papo hapo, kando ya lile la kwanza. Alilipa jina la mumewe. Kisha akafungua ukurasa mwingine, mweupe, akaanza kuandika sura ile upya kama inavyotakiwa, kwa vidole vyepesi ili asisikike, huku Baba Pacha akimwambia mama yake kwa fahari kwamba leo wamekwenda mbali, wakikaza hivi kazi itaisha upesi.